Godelieve na Uyoga wa Meno

Godelieve Mukashema alikuwa mtu wa uyoga tangu angali msichana. Pale Karuba, juu ya vilima vya Masisi, watu ni wa ng'ombe, viazi na maharagwe. Mvua ikinyesha vizuri, wanawake huinama kando ya mashamba, huokota uyoga wa kutosha mboga ya jioni, kisha hurudi zao nyumbani. Godelieve hakujua kurudi. Angefuata uyoga mmoja hadi wa pili, na wa pili hadi kwenye gogo, na kwenye gogo angekaa akiligeuza na kulinusa mpaka jua liegemee. Marehemu mume wake alikuwa na mazoea ya kuwaambia wageni kwamba mkewe akipotea, wasijisumbue kwenda soko la Mushaki. Wamtafute penye mti uliooza.

Chini ya shamba aliloacha baba yake palikuwa na korongo. Vilima vyote vya jirani vilikwisha kuwa malisho, nyasi tupu hadi kwenye ukungu, kwa sababu miti ilikatwa ikawa mbao na makala ya kupikia, hasa miaka ile watu walipokuwa wakikimbia vita na kurudi, kila anayerudi akiwa hana paa wala jiko. Korongo lilipona kwa kuwa ng'ombe hawakuweza kushuka humo bila kuvunjika miguu, na kwa kuwa mzee alikuwa mkaidi. Aliwahi kuona jinsi wafanyabiashara walivyoichuna miti ya umwumba ya kilima cha pili, wakabeba magome yake kwa magunia yaende kutengenezwa dawa, na miti ikakauka yote ikiwa imesimama. Akaapa kwamba kwake hawatafika. Alipofariki aliwaachia korongo watoto wake wawili, Godelieve na mdogo wake, Théogène Hakorimana.

Huyo Théogène alizaliwa Godelieve akiwa msichana mkubwa. Mwaka walipokimbia kuelekea Sake, mama yao alibeba sufuria na blanketi, na Godelieve akambeba mtoto mgongoni, njia nzima, ndani ya matope. Kambini alimlisha kwa mkono wake. Waliporudi, karo ikawa ya mtu mmoja tu, basi Godelieve akaacha shule ili mdogo wake asome. Hakulihesabu jambo hilo kuwa deni, wala Théogène hakuwa mtu wa kusahau. Alipokuwa mkubwa alifanya biashara ya fromaji, yaani jibini, pale Mushaki, kando ya barabara, na hakuna mara aliyopanda Karuba mikono mitupu. Alikuwa na sauti nzuri na maneno mengi, na katika kikundi chake cha maombi ndiye aliyepewa kusimama mbele ya watu. Alimwita Godelieve "Yaya", dada mkubwa, na akilitamka neno hilo utadhani ni cheo.

Mama yao, Murekatete, aliishi na Godelieve. Akili yake ilikuwa ikiondoka polepole. Kwanza alisahau sufuria motoni, baadaye njia ya kisimani, halafu majina. Mama alimwita Godelieve Muhawenimana, jina la dada yake mwenyewe aliyekufa zamani, na mwanawe Théogène hakumwita kwa jina lolote. Alimtazama tu kwa adabu, kama mtu anavyomtazama kijana aliyekuja kuuliza njia. Jambo hilo lilimuumiza Théogène kuliko alivyosema.

Msimu mmoja wa mvua Godelieve alishuka korongoni kutafuta kuni zilizoanguka. Kwenye mti mzee wa umwumba, nusu yake hai na nusu imekufa, mahali tawi lilipokatika na kuacha kidonda, aliona kitu cheupe kikining'inia. Hakikuwa na kofia wala mguu. Kilikuwa bonge moja lenye ukubwa wa kichwa cha mtoto, na kote kilishusha meno membamba, laini, yote yakielekeza ncha chini, na kwenye kila ncha tone la maji. Katika miaka yake yote ya kugeuza magogo hakuwahi kukiona kitu hicho. Alikata kipande kidogo pembeni akampelekea mama yake. Bibi Murekatete alikipapasa kwa kidole, taratibu, akacheka.

"Meno," akasema.

Hivyo ndivyo walivyouita kuanzia hapo: uyoga wa meno. Godelieve hakuupika. Asilolijua hakuliweka chunguni.

Alimfahamu mtu mmoja wa kumuuliza. Madame Hélène alikuwa mwalimu wa mambo ya mimea, mwenyeji wa Walikale aliyekuwa akifanya kazi Goma, na kwa miaka kadhaa alikuwa akipita Mushaki kununua uyoga kwa wanawake na kuwauliza majina yake. Alipofikiwa na habari alipanda Karuba kwa pikipiki, mvua ikimnyeshea. Korongoni hakukimbilia kukata. Alipiga magoti, akatazama kwanza, akapiga picha kutoka chini, akanusa, akapima urefu wa meno, akauliza mti ni wa aina gani na kidonda ni cha lini. Kisha akakata sehemu ndogo, akaiweka nyumbani juu ya karatasi nyeusi na kuifunika kwa bakuli. Kesho yake waliinua bakuli wakakuta vumbi jeupe limejichora kwenye karatasi. Hélène akaeleza kwamba hilo ndilo mbegu yake. Uyoga mwingi walioujua huachia vumbi lake kutoka kwenye vipande vilivyopangwa chini ya kofia kama kurasa. Huu huliachia kutoka kwenye meno. Na mwili wake hasa hauko nje, uko ndani ya mbao, nyuzi nyeupe zinazokula moyo wa mti mzee kidogo kidogo, labda kwa miaka mingi kabla ya kutoa tunda moja.

"Kwa hiyo tukichuma hatuuui," Godelieve akasema.

"Ukichuma hauui. Ukikata muti, njo unaua," Hélène akamjibu.

Alikausha kipande hicho kwa moto mdogo, akakifunga katika karatasi, akaondoka nacho. Ulipita muda mrefu bila habari, barabara ikafungwa ikafunguliwa, mpaka siku moja akarudi akiwa na furaha aliyojaribu kuificha. Mbegu zilikuwa zimetazamwa kwa hadubini, Goma na mbali zaidi. Zilikuwa za mviringo, zenye mikwaruzo midogo, na zikitiwa dawa fulani hugeuka rangi ya wino. Uyoga wa ukoo huo ulijulikana katika nchi za baridi, lakini huu haukulingana na wowote wa huko, na katika makusanyo yote waliyoyapekua hakuna aliyewahi kuuokota katika milima hii. Bado hawakuthubutu kuupa jina. Na ili mtu aseme kwamba kitu ni cha nadra, Hélène akasema, lazima kwanza akitafute mahali pengine akikose.

Mazungumzo hayo yalifanyika uani, na Théogène alikuwapo. Aliketi karibu na mama yake, akimshikia kikombe cha maziwa. Baada ya kusikiliza sana, aliuliza kama uyoga huo ni dawa. Hélène hakumficha. Alimwambia kwamba huko Asia watu hula ndugu wa uyoga huo, na wengine husema unasaidia kumbukumbu, ingawa waliojaribu kuhakikisha ni wachache na majibu yao hayajatulia. Kuhusu huu wa Karuba hakuna anayejua lolote, hata kama ni sumu au la. Théogène akaitikia kwa kichwa. Godelieve alimwona akimgeukia mama yao, akamtazama kwa kitambo.

Siku hiyo walikubaliana. Mahali pa uyoga hapatatajwa kwa mtu. Mti mkavu hautaguswa, wala magogo yaliyolala, kwa maana uyoga huo hauoti kwenye mti mchanga wala kwenye mkalitusi. Juu ya korongo watapanda uzio wa miti hai ili hata mbuzi wasishuke. Théogène mwenyewe ndiye aliyefunga maneno. Aliweka mkono juu ya goti la mama yao akasema, "Ile fasi ni ya baba yetu. Muntu hataingia mule, miye nikiwa muzima." Akaja kupanda uzio pamoja na dada yake, akachubuka viganja, na walipomaliza wakanywa chai wakicheka kama wakati wa utoto.

Hélène na Godelieve walianza kutafuta. Walipita katika vipande vya msitu vilivyobaki Masisi, kimoja huku, kingine kule, bila kuuona. Ikabaki Walikale, kwenye msitu mkubwa wa chini. Hélène alimwomba Godelieve waende wote, kwa kuwa macho yake yalikuwa mazuri kuliko ya wanafunzi aliowazoea. Godelieve hakuwahi kufika upande huo. Alisita kwa ajili ya mama yake. Théogène akamwambia aende bila wasiwasi. Yeye na mke wake watahamia Karuba, watamwangalia mama, watalinda na korongo. Asubuhi ya safari alimfungia dada yake mzigo kwenye pikipiki kwa mikono yake.

Safari ilikuwa matope na vizuizi, pikipiki ikisukumwa zaidi ya kupandwa, na jinsi walivyoteremka ndivyo joto lilivyozidi na miti kurefuka. Walifikia Mubi, mji wa barabarani wenye maduka, malori na watu wa machimbo, na kutoka hapo wakaingia msituni na Noël, mwindaji aliyekuwa ndugu wa ukoo wa Hélène. Noël alivaa rozari shingoni, lakini kabla ya kuvuka kijito cha kwanza aliweka jani chini na kusema maneno mafupi kwa wazee waliomtangulia. Godelieve alisubiri naye, kichwa kimeinama. Aliona si vibaya kubisha hodi.

Walikuta uyoga wenye meno. Godelieve ndiye aliyeuona kwanza na moyo ukamruka, lakini huo ulitoka ardhini, ulikuwa na mguu na kofia, na meno mafupi yalikuwa chini ya kofia. Noël akaucheka mshangao wao. Kwao ni mboga, mke wake huupika kwa mawese. Waliula jioni kwa ugali wa muhogo na ulikuwa mtamu. Ule unaoning'inia hawakuuona, ingawa waligeuza magogo hadi mikono ikapasuka, na wazee waliooneshwa picha walitikisa kichwa. Hélène akamwambia Godelieve asisikitike. Kukosa nako ni jibu. Kumbe inawezekana kabisa kwamba duniani kote, kwa kadiri inavyojulikana, uyoga huo uko korongoni mwa baba yake tu.

Godelieve alilala akiwa na neno hilo kifuani. Hakuwahi kuwa na kitu ambacho wengine hawana. Mvua kubwa ikakata barabara, wakakawia kuliko walivyopanga, na simu haikushika. Hata hivyo hakuwa na hofu. Nyumbani alikuwa amemwacha Théogène.

Waliporudi, Hélène aliteremka moja kwa moja kuelekea Goma, na Godelieve akashukia Mushaki kunyoosha miguu. Mwanamke mmoja aliyeuza kabichi kando ya barabara alimshika mikono yote miwili, akampongeza kwa ajili ya mama yake. Godelieve akadhani amemfananisha. Mwanamke akasema hapana, anamjua, yeye si dada wa Théogène, yule ambaye mama yake alipona kichwa? Kisha, kwa sauti ya chini kama mtu anayetoa siri nzuri, akafungua pembe ya kitenge chake. Ndani kulikuwa na vipande vikavu, rangi ya majani ya chai, na katika kimoja meno yalikuwa bado yanaonekana.

Godelieve alichukua mzigo wake. Alipanda kwa miguu hadi Karuba, na hakupitia nyumbani kwanza.

Uzio ulikuwa umelazwa chini. Pale walipopanda kwa mikono yao palikuwa na njia pana kama ya ng'ombe, imekanyagwa hadi ikang'aa. Umwumba ule mzee ulikuwa umeangushwa. Walikuwa wameupasua kwa shoka kuanzia kwenye kidonda, wakafuata nyuzi nyeupe ndani ya moyo wa mti, wakachota mbao laini kama watu wanaochota asali, na hata vibanzi vilikuwa vimeokotwa vikachemshwe. Kwa kuwa umwumba wenyewe haukuwatosha watu wote, magogo yaliyolala nayo yalikuwa yamevunjwa, pengine kwa kubahatisha tu. Mahali fulani walikuwa wamechimba mizizi. Godelieve alikaa kwenye kisiki. Alijaribu kufikiri ni nani, akawataja moyoni wachoma makala, wachungaji, watu wa kilima cha pili, akijua wakati wote kwamba mwanamke wa kabichi alikwisha kumtajia jina.

Uani kwao kulikuwa na wageni waliojaa, wengine wakiwa wamewaleta wazee wao mgongoni. Mama yao alikuwa ameketishwa katikati, amevishwa kitenge kipya, nywele zimechanwa. Théogène alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake akitoa ushuhuda. Alisema jinsi mama alivyokuwa hamjui mtoto wake wa kumzaa, na jinsi Mungu alivyowafunulia dawa katika shamba la baba yao, na jinsi mama alivyofunguka akamwita kwa jina. Alipomwona dada yake mlangoni mwa ua alishika mgongo wa kiti. Halafu uso ukang'aa, akanyoosha mkono.

"Yaya amefika. Yeye njo aliishi na Mama miaka yote. Yaya, uwaambie watu vile Mama alikuwa."

Watu wote wakageuka. Mama Murekatete naye akageuka, akamtazama Godelieve, na macho yakajaa furaha.

"Muhawenimana," akasema. "Unatoka wapi na matope yote ile?"

Godelieve alihisi kwamba mambo yameishia hapo, kwamba sasa kila mtu amesikia. Lakini Théogène hakukawia hata kidogo. "Munasikia?" akawaambia wageni. "Anakumbuka mpaka jina ya dada yake, mwenye alikufa zamani." Wakapiga makofi. Mmoja alikuwa ameinua simu, anachukua video.

Neno lilimjia Godelieve mdomoni. Ingetosha amwombe tu mama yake aseme huyu aliye mlangoni ni nani, au aseme kijana huyu nyuma ya kiti ni nani, na ushuhuda wote ungeanguka chini. Lakini aliyekuwa katikati ya ua alikuwa mama yake, amechanwa nywele, anatabasamu kwa kuwa watu wanatabasamu. Kumvua kitenge kile mbele ya wageni ili mwanawe aaibike, hakuweza. Akapita katikati ya watu, akaingia ndani, akaweka mzigo chini. Wageni walichukua ukimya wake kuwa ni kukubali. Na Théogène alijua watauchukua hivyo. Hilo ndilo Godelieve alilolielewa akiwa amesimama gizani mwa nyumba: mdogo wake alimfahamu vizuri kiasi cha kumtumia.

Kesho yake asubuhi alimkuta mdogo wake zizini, anakamua. Mke wake alikuwa ndani na mama. Godelieve hakupaza sauti.

"Juu ya nini ulifanya vile, Théo?"

Théogène aliendelea kukamua. Alisema kwamba siku ya kwanza hakuwa na nia yoyote mbaya. Alikata kipande, akampikia mama katika maziwa. Baada ya siku kadhaa, asubuhi moja, mama alimtazama akamwuliza, Théogène, umekula? Ni mara ile moja tu, haikurudi tena. Lakini ilitokea.

"Weye haukukuwa hapa," akasema. "Ulikuwa ku Mubi na Madame, munatafuta uyoga. Miye njo niliitwa jina."

Godelieve alimwamini kuhusu hilo, na kumwamini kulimchoma zaidi. Akamwuliza kuhusu wageni. Akasema aliwaambia watu wa maombi tu, kwa furaha, na wao wakawaambia wengine, na wengine wakaja na wagonjwa wao wanalia, na mtu hawezi kumfukuza mgonjwa. Akamwuliza nani aliangusha mti.

"Si miye nilishika shoka."

"Ulikuwa wapi wakati wanakata?"

Maziwa yakasimama. "Nilikuwa pale," akasema mwishowe. "Nilibaonyesha njia. Niliomba Mungu mbele baanze kukata."

"Kama ungeniomba miye, ningekukatia kipande na mukono yangu. Mama yako ni mama yangu. Uyoga ungerudi, muti ungebaki." Akashika nguzo ya zizi. "Kama ningekuwa naogopa muntu, ningetia kufuli. Sikutia kufuli, juu weye njo nilikuwa naacha pale."

Théogène alinyanyua ndoo akaipeleka ndani, akayamimina maziwa kwenye chungu cha mama kama kila siku. Kabla ya saa za chakula wageni walianza kufika tena, naye akatoka kuwapokea.

Hélène alifika juma lililofuata. Video ilikuwa imemfikia Goma kabla ya mtu yeyote kumwambia, na ndani yake alimwona Godelieve amesimama mlangoni, ameitwa atoe ushahidi, hakukanusha. Alimsalimia vizuri, akakataa kiti, kisha akamwuliza kama ni yeye aliyetaja mahali. Godelieve akasema hapana. Hélène akasema anamwamini, lakini kabla ya kusema alichelewa, na Godelieve alikusikia kuchelewa huko kama mlango unaofungwa taratibu ili usipige kelele. Wakashuka korongoni. Walikusanya vipande vya umwumba vilivyobaki, wakavipanga kivulini juu ya mawe, wakavifunika kwa majani mabichi, kwa sababu nyuzi zikiwa hai ndani ya mbao huweza kuvumilia muda fulani zisipokaushwa na jua. Tangu siku hiyo, Hélène akija Karuba, aliwauliza majirani habari za korongo kabla ya kumwuliza Godelieve. Alifanya hivyo kwa heshima, na Godelieve hakumlaumu. Yeye mwenyewe asingejua afanyeje.

Dawa haikuponya mtu. Waliokunywa walianza kurudi, kwanza kwa upole kuuliza kama walikosea kipimo, baadaye kwa hasira. Kikundi cha maombi kiligawanyika, nusu wakisema Théogène ni mwongo, nusu wakisema waliokosa kupona ni wenye imani haba. Alirudi Mushaki, na biashara ilipomwendea vibaya kwa ajili ya maneno hayo, akahamia Sake na mke wake. Mama Murekatete aliendelea kuondoka kama alivyokuwa akiondoka. Alikufa wakati wa kiangazi, akiwa amemshika Godelieve mkono na kumwita dada. Théogène alipanda kuzika. Alisema vizuri kaburini, akalia, na kilio chake hakikuwa cha uongo. Watu walitazamia ugomvi lakini hawakuuona. Godelieve alimpakulia chakula, akamtandikia, wakagawana kazi za matanga kama ndugu wanavyogawana. Baada ya Théogène kuondoka ndipo Godelieve alipogundua kwamba katika siku zote hizo hakuna mahali alipokaa naye wakiwa wawili peke yao.

Uzio aliupanda tena, safari hii peke yake. Kwenye vipande vya kivulini hakukutoka kitu, msimu wa kwanza wala wa pili, vikawa udongo. Hélène alimletea habari kwamba wenzake bado wanabishana juu ya jina, na kwamba maandishi yatakapotoka yatasema tu kwamba uyoga uliokotwa katika vilima vya Masisi, bila kijiji wala korongo. Godelieve ndiye aliyeomba hivyo. Hakutaka hata jina lake.

Kisha, mvua za Novemba, ng'ambo ya kijito kilichopita korongoni, juu kabisa mahali ambapo mtu hufika kwa kushika mizizi, aliona weupe kwenye mti uliojiegemeza kwenye mwamba. Ulikuwa mdogo, kama ngumi. Hakuukaribia sana. Hakupiga picha, hakupiga simu. Alisubiri mpaka Hélène alipofika mwenyewe, akamshika mkono, akampeleka mpaka mahali panapoonekana, akamwonesha kwa kidevu. Wakasimama pale muda mrefu. Wakati wa kupanda kurudi nyumbani, Hélène alimshukuru kwa kumwambia, na kwa mara ya kwanza tangu mambo yale akakaa kitako uani kwake akala.

Théogène alimtembelea siku za Krismasi. Alikuwa amekonda, na nywele za pembeni zimeanza kuwa nyeupe, akamletea sukari na kitambaa. Godelieve alimpa viazi na maziwa. Waliongea habari za Sake, za barabara, za mtoto aliyetarajiwa na mke wake. Alikuwa mpole, na yako maneno aliyozunguka akiyatafuta bila kuyafikia. Mara mbili alianza kusema "Yaya, ile siku", mara mbili akanywa maziwa. Mwishowe akauliza kitu kingine, macho yake yakiwa kwenye kikombe.

"Na ule uyoga. Bado iko?"

Godelieve hakuwahi kumdanganya. Wala kambini, alipomwuliza kama kuna chakula, hakumdanganya.

"Hapana," akasema. "Haiko tena."

Théogène akatikisa kichwa polepole, akasema alidhani hivyo. Akauliza kama ng'ombe mwekundu amezaa, na Godelieve akamweleza kwa urefu, ndama ni jike, ana doa usoni, ananyonya vizuri. Jua lilipopungua makali akaaga. Siku zote alikuwa akiondoka mwenyewe, kama mtu wa nyumbani, akipita jikoni na kujichukulia kiazi cha njiani. Safari hii Godelieve alijifunga kitenge, akamsindikiza hadi barabarani, akasubiri naye mpaka pikipiki ikapatikana, kama tunavyowasindikiza wageni.